Vuli Imekuja: Moyo wa Mfanyakazi Uko Wapi?

Vuli imekuja tena. Katika mikoa ya kaskazini, pwani na kando ya Ziwa Victoria, mvua ndogo huanza kunyesha Oktoba na kuendelea hata Desemba. Na kule kusini, magharibi na katikati ya nchi, ambako mvua ni za msimu mmoja, watu husafisha mashamba wakingojea mawingu ya Novemba na Desemba. Ni miezi ya kazi nyingi. Kilimanjaro kahawa ya mwisho bado iko mitini. Mtwara na Lindi korosho zaokotwa na kuanikwa kabla mvua haijaziharibu. Madukani bidhaa za Noeli zaanza kupangwa. Maofisini hesabu za mwaka zadai kufungwa. Kila mwenye kazi ataka mikono, na ataka mikono hiyo iende mbio.

Ndiyo miezi ambayo malalamiko ya waajiri husikika kila mahali, hata nje ya mlango wa kanisa baada ya Misa. Mwenye shamba asema vibarua wake wachelewa kufika na wawahi kuondoka. Mwenye duka asema kijana aliyekuwa hodari mwezi wa Juni sasa asinzia juu ya meza. Mama wa nyumbani asema binti anayemsaidia amebadilika: haimbi tena, avunja vyombo, na akitumwa sokoni akawia. Na wote hufikia neno moja: "Watu wa siku hizi ni wavivu."

Leo twataka kulipima neno hilo mbele ya Mungu. Maana kumwita mtu mvivu ni kumhukumu, na hukumu isiyochunguzwa huliharibu jina jema la jirani. Tena tusidhani kwamba mazungumzo haya yawahusu matajiri wenye viwanda peke yao. Yeyote aliyemwita mtu mmoja amlimie kipande cha shamba kwa siku moja, amfulie nguo, amchungie ng'ombe au amlindie nyumba usiku, huyo ni mwajiri, naye atatoa hesabu ya uajiri huo mbele ya Bwana wetu.

MWILI HAPA, MOYO KULE

Mtu aweza kununua saa za mwenzake. Moyo wake hawezi kuununua. Moyo huenda palipo na haja yake. Basi tujiulize: wakati wa vuli haja ya mfanyakazi iko wapi?

Kwanza, iko shambani kwake. Kibarua anayepalilia migomba yako, naye ana kipande chake cha ardhi kijijini, na mvua iloweshayo udongo wako ndiyo iloweshayo udongo wake. Akichelewa kupanda kwa majuma mawili, watoto wake watakula kidogo mwaka ujao. Ukimwona amesimama na jembe mkononi akitazama mawingu, usifanye haraka kusema kwamba amezembea. Yumkini anafanya hesabu kichwani, na hesabu hiyo haitoki.

Pili, haja yake iko ghalani. Katika nyumba nyingi akiba ya chakula hupungua kabla mavuno mapya hayajaiva. Mtu hutoka kwake alfajiri bila kutia kitu kinywani. Wahenga walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Na mara nyingi aliyekunywa chai kwa mkate ndiye amwonaye mwenzake mzembe ifikapo saa nne ya asubuhi.

Tatu, iko njiani na kitandani. Barabara zajaa matope, vijito vyafurika, magari ya abiria yachelewa. Mvua zikisimama kidogo, mbu huzaliana katika kila dimbwi, na malaria huingia nyumbani. Mfanyakazi aweza kuwa atetemeka kwa homa huku amenyamaza, kwa sababu aogopa kukatwa siku yake.

Nne, iko mbele yake, katika mwezi wa Januari. Shule zikifunguliwa watoto watataka sare, madaftari na nauli. Mzazi aliyeajiriwa kwako huiona Januari tangu Oktoba, kama mtu aonavyo moshi wa moto wa msitu ukimjia.

Tano, kuna uchovu wa mwaka mzima. Aliyefanya kazi tangu Januari bila kupewa likizo hafanani na yule uliyemwajiri siku ya kwanza, ingawa jina lake ni lilelile. Hata ng'ombe wa kukokota plau hufunguliwa nira jioni, na mwenye akili hamlimishi mnyama siku zote bila kumpumzisha.

Kwa hiyo yule anayeitwa mvivu, mara nyingi ni mtu aliyegawanyika. Mwili wake uko kwako na moyo wake uko kwake. Kazi ya mwajiri Mkristo ni kuifanya njia kati ya sehemu hizo mbili iwe fupi.

DAWA MBILI ZISIZOPONYA

Waajiri wengi hujaribu dawa mbili. Ya kwanza ni kelele. Humwongezea mfanyakazi vitisho, humkata ujira kwa kuchelewa robo saa, humkumbusha kila asubuhi kwamba langoni wako wengine kumi waitakao kazi yake. Dawa hii huifanya mikono iende mbio mbele ya macho ya bwana, na ilale mara bwana agekapo kisogo. Humfundisha mtu kutazama uso wa msimamizi badala ya kutazama kazi.

Dawa ya pili ni maneno matamu. "Vumilieni, mwaka ukiisha nitawakumbuka." "Sisi hapa ni jamaa moja." Maneno hayo ni mema yakifuatwa na tendo. Lakini ahadi ni deni, na mfanyakazi aliyeahidiwa mara tatu bila kuona kitu huacha kusikia mara ya nne. Mkono mtupu haulambwi. Na jamaa ambayo mmoja hula nyama sebuleni na mwingine hungoja mshahara wa mwezi uliopita, hiyo jamaa yafaa kutafutiwa jina jingine.

KAHAWA MBICHI KATIKA DEBE

Niruhusuni niwasimulie jambo nililoliona mwenyewe nilipokuwa mtoto, katika kihamba cha baba yangu kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wasomaji wanaolima kahawa wajua kwamba matunda ya mti mmoja hayaivi siku moja. Mchumaji hana budi kuupitia mti uleule mara nyingi, akichagua tunda jekundu na kuliacha la kijani lingoje zamu yake. Kahawa iliyochumwa yapasa kumenywa siku ileile, kisha ichachushwe, ioshwe na kuanikwa juu ya vichanja. Na vuli huifanya kazi hiyo kuwa ngumu, maana mvua ikija ghafula yote yataka kufunikwa. Katika uchumaji nguvu za mkono ni kitu kidogo. Kinachotakiwa ni jicho la mtu mwenye nia, na hakuna nyapara awezaye kusimama nyuma ya kila kidole.

Mwaka huo baba aliwaita wanawake watatu wamsaidie kuchuma. Wakapatana kulipwa kwa kila debe, na fedha zitolewe kila Jumamosi jioni. Jumamosi ya kwanza baba akalipa. Ya pili akasema, "Chama hakijanilipa kahawa yangu, ngojeni juma lijalo." Ya tatu akasema vivyo hivyo. Ni kweli kwamba chama kilikuwa hakijalipa. Lakini ndani ya sanduku chini ya kitanda zilikuwamo fedha alizoweka ili anunue bati za nyumba yetu, naye alitaka bati hizo ziwe juu ya paa kabla ya Noeli.

Wale wanawake hawakugoma wala hawakulalamika. Waliendelea kuja, kwa sababu mtu unayemdai si rahisi kumwacha. Ajabu ni kwamba madebe yalianza kujaa upesi kuliko kwanza, na baba akafurahi, akidhani kwamba ukali wake umefaa kitu. Furaha yake ilikwisha alipomimina debe moja katika mashine ya kumenyea: nusu ya kahawa ilikuwa mbichi, ngumu kama changarawe. Akamwita mkubwa wa wale wanawake, akamkaripia mbele ya wenzake na mbele yetu sisi watoto.

Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Baba, macho yangu hayaoni tena jekundu na kijani. Yanatazama njia ya nyumbani. Nimemwacha mtoto ana homa, na dukani kwa dawa hawanikopeshi tena."

Baba hakujibu. Aliingia ndani, nasi tukasikia sanduku likiburutwa sakafuni. Jioni ile aliwalipa wote watatu mpaka senti ya mwisho, na nyumba yetu ikakaa mwaka mmoja zaidi bila bati. Sitasema kwamba mambo yote yalinyoka siku ya pili yake. Kahawa iliyoharibika iliharibika, ikauzwa kwa bei ya chini. Mama yule hakuonekana kwa siku nne, akimwuguza mtoto wake. Kwa neema ya Mungu mtoto akapona. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, na tangu mwaka ule hakupitisha Jumamosi moja bila kulipa. Tulipomwuliza sababu, alijibu hivi: "Fedha yake ilikuwa chini ya kitanda changu, na mtoto wake alikuwa mgonjwa juu ya kitanda chake."

Ndugu wasomaji, hapo ndipo shina la jambo lenyewe. Baba alipata hasara ya kahawa, na hasara hiyo ilimfumbua macho. Lakini hata kama kila debe lingalikuwa jekundu tupu, dhambi ingalikuwa ileile. Wako waajiri wengi ambao kahawa yao haiharibiki, kwa kuwa wafanyakazi wao waogopa mno au ni waaminifu mno. Hao wasijione kuwa wana haki kwa sababu hawajapata hasara.

MANENO YA MUNGU JUU YA JIONI

Maandiko Matakatifu hayakuliacha jambo hili bila agizo. Torati ya Musa iliwaamuru Waisraeli wampe kibarua maskini ujira wake siku ileile, kabla jua halijachwa, kwa kuwa ndio tegemeo lake, na akinyimwa atamlilia Mungu. Mzee Tobiti, akimwusia mwanawe Tobia, alimwambia asilaze ujira wa mtu yeyote, bali alipe papo hapo. Naye Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira waliouzuia wa wavunaji wapiga kelele, na kelele hiyo yafika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Ndiyo sababu Katekisimu ya Kanisa huiweka dhuluma ya mshahara katika dhambi zinazolia mbinguni, mahali pale pale inapotajwa damu ya Abeli.

Tena angalieni mfano wa Bwana wetu juu ya shamba la mizabibu. Katika nchi ile zabibu huiva kiangazi kikiisha, nayo haingoji. Ikichelewa kuchumwa yaoza. Mwenye shamba alikuwa na haraka kama sisi tulivyo na haraka wakati wa vuli. Lakini tazameni alivyotenda. Alitoka mwenyewe, alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa na hata saa kumi na moja. Aliowakuta wamesimama aliwauliza sababu kabla ya kuwahukumu, akajibiwa kwamba hakuna aliyewaajiri. Alipatana ujira na wa kwanza mapema. Na jioni ilipofika, akamwagiza msimamizi awaite wote na kuwalipa siku ileile, hata aliyefanya saa moja apate cha kuwapelekea watoto. Twajua kwamba mfano huo kwanza ni juu ya Ufalme wa Mungu na ukarimu wake usiopimika. Lakini Bwana asingalimchagua mwajiri huyu kuwa mfano wa Baba yake kama njia zake zisingalikuwa njema.

Na katika Kitabu cha Ruthu twamwona Boazi akija shambani kutoka Bethlehemu wakati wa mavuno. Kabla ya kuuliza miganda mingapi imekatwa, awasalimu wavunaji kwa kuwatakia Bwana awe pamoja nao, nao wamrudishia baraka. Wakati wa chakula aketi pamoja nao, na Ruthu mgeni apewa bisi mpaka ashibe na kubakiza. Hakuna mahali tusomapo kwamba mavuno ya Boazi yalipungua kwa sababu ya salamu au kwa sababu ya chakula hicho.

KANISA NA SHERIA YA NCHI

Mafundisho hayo ya kale Kanisa limeyaeleza tena kwa nyakati zetu. Tarehe 15 Mei 1891 Papa Leo wa XIII alitoa waraka wake juu ya hali ya wafanyakazi, akafundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi: mtu aliyekubali ujira mdogo kwa sababu ya njaa amedhulumiwa, ingawa alikubali mwenyewe. Ujira hauna budi kumtosha mfanyakazi mwenye kiasi kuishi pamoja na jamaa yake. Papa Pius wa XI aliurudia waraka huo mwaka 1931, na Papa Yohane wa XXIII mwaka 1961. Papa Pius wa XII, mwaka 1955, aliweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi tarehe 1 Mei. Na tarehe 14 Septemba 1981 Papa Yohane Paulo wa II akaandika kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala mtu hakuumbwa kwa ajili ya kazi.

Hata sheria ya nchi yetu imesema wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaweka kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma. Saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Mfanyakazi apate mapumziko ya saa 24 mfululizo katika kila juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mama aliyejifungua ana siku 84 za likizo ya uzazi, na siku 100 akijaliwa mapacha. Mtoto aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kamwe. Tunayataja hayo kwa sababu moja: Mkristo akianza kuhesabu fadhila zake kabla hajafika hata pale sheria ilipoweka mpaka, ajidanganya. Haki hutangulia, kisha upendo huongezea.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, tulipe kwa siku tuliyopatana. Hakuna hotuba wala zawadi ya Noeli iwezayo kushika mahali pa mshahara uliofika kwa wakati. Mtu mwenye hakika ya Jumamosi hufanya kazi Jumatano kwa moyo mtulivu.

Pili, tuwape watu nafasi ya kupanda. Mwajiri akikaa na wafanyakazi wake mapema, kabla mvua ya kwanza haijaanguka, wataweza kupanga zamu: huyu aende kwake siku tatu juma hili, mwingine juma lijalo. Siku chache zilizotolewa kwa mpango ni nafuu kuliko majuma ya kutegea na udhuru wa uongo. Atakayerudi akijua mbegu yake imo ardhini, atakuwa mzima mwili na moyo.

Tatu, tutazame matumbo na miguu. Kikombe cha uji asubuhi, paa la kujikinga na mvua, viatu vya matope kwa asimamaye majini, dakika chache za subira kwa aliyezuiwa na kijito kilichofurika: hayo si mambo makubwa, lakini mfanyakazi hayasahau. Na mwenye homa aambiwe aende hospitali, wala asikatwe siku yake.

Nne, tuheshimu Dominika. Binti wa nyumbani naye ana roho. Kama sisi twaenda Misa naye abaki kupika kila Dominika ya mwaka, tumejinunulia chakula cha mchana kwa bei ya haki ya mtu mwingine. Apate zamu yake ya Misa, saa zake za kupumzika, na ifikapo Noeli, kama ni zamu yake, aende kuwaona wazazi wake akiwa na mshahara wake wote mkononi.

Tano, tuseme asante waziwazi na tuonye faraghani. Baba yangu alikosea mara mbili: alizuia ujira, kisha akamtahayarisha mama mtu mzima mbele ya watoto. Kosa la pili halikulipika kwa fedha.

Sita, tusaidiane juu ya Januari. Mwajiri mwenye uwezo aweza kutoa mkopo mdogo wa sare na madaftari, ulioandikwa na kukatwa kidogo kidogo bila riba. Asiyeweza kukopesha aweza kumwekea mfanyakazi akiba kwa hiari yake tangu Oktoba. Mtu aliyeondolewa hofu ya kesho huipa leo nguvu zake zote.

NA ASIYE NA FEDHA JE?

Hapa wengi watatujibu: "Ninyi mwaandika kwa urahisi. Mimi mwenyewe ni maskini. Kahawa yangu imechukuliwa na fedha hazijaja. Nitalipa na nini?" Hatulidharau jibu hilo. Tunajua kwamba wakulima wengi hulipwa wamechelewa, na kwamba aliyedhulumiwa juu husukumwa kumdhulumu aliye chini yake. Lakini dhuluma haifi kwa kupitishwa kutoka mkono hadi mkono. Hufia mahali alipo mtu akubaliye kuisimamisha.

Basi asiye na fedha aseme kweli kabla ya kumwita mtu kazini, siyo baada ya kazi kwisha. Aite mikono michache awezayo kuilipa. Ama washirikiane majirani, leo kwangu na kesho kwako, kama wazee wetu walivyosaidiana kulima tangu zamani. Kama fedha zimekwama bila kosa lake, na aende mwenyewe kwa mfanyakazi, akiri deni, ataje siku, na ampe kilichopo nyumbani: mahindi, ndizi, maziwa. Na zaidi ya yote, achungulie sandukuni mwake. Maana neno "sina" husemwa mara nyingi na mtu aliyezihesabia fedha za mwenzake kazi nyingine.

NENO KWA WAFANYAKAZI

Nanyi mlioajiriwa, msisome maneno haya kwa kuyanyoshea kidole cha mwajiri peke yake. Aliyelipwa haki yake naye ana deni. Kuiba saa ni wizi, kama kuiba sukari. Anayejifanya mgonjwa ili aende kunywa pombe amnyima mgonjwa wa kweli kuaminiwa kesho. Mtume Paulo, ingawa alihubiri Injili, alishona mahema kwa mikono yake asiwalemee watu. Ukiwa na shida, iseme mapema na kwa heshima. Mwajiri hawezi kuona lililo moyoni mwako. Na kama umedhulumiwa, tafuta haki yako kwa njia zilizo halali: kwa mwajiri mwenyewe, kwa chama cha wafanyakazi, kwa ofisi ya kazi. Usiilipize kahawa, maana kahawa haikukosea, na kuiharibu kwamwumiza mwingine asiyejua habari.

KABLA YA MAJILIO

Mwishoni mwa vuli yaja Majilio, na nyuma yake Noeli. Tutapamba pango, tutaimba, tutamkaribisha Mtoto. Tukumbuke kwamba Mtoto huyo alilelewa na fundi seremala, akala chakula kilichonunuliwa kwa jasho la Yosefu. Kila mara mtu wa Nazareti alipochelewa kumlipa Yosefu, kama yupo aliyechelewa, mezani pa Mwana wa Mungu palipungua kitu. Naye mwenyewe ametuambia kwamba lolote tuwatendealo wadogo, twamtendea yeye.

Basi Jumamosi hii jioni, kabla ya kujiweka tayari kwa Dominika, kila baba na kila mama mwenye mtu anayemfanyia kazi na akae kitambo peke yake, ajiulize: je, katika nyumba yangu umelala ujira wa mtu? Akiuona, asingoje mwezi uishe wala asingoje Noeli. Avute sanduku, alipe, aombe radhi. Kisha aende Misa kesho yake, na amani itakayomkuta huko hataitafuta mahali pengine.

Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa wafanyakazi, utuombee.